Sentimita Moja

Uzi ulikuwa ule wa kushonea viatu, mweusi, wenye nta. Mwishoni mwake tulifunga gololi ya chuma tuliyopewa na fundi magari wa Lushoto mjini. Ilitoka kwenye beringi ya lori, na kipenyo chake kilikuwa sentimita 2. Tuliivalisha kitambaa, tukakaza fundo juu yake, tukaining'iniza kwenye msumari uliopigiliwa juu ya mlango wa stoo. Hiyo ndiyo ilikuwa pendulamu yetu. Rula ya mita ilikuwa moja kwa mabinti kumi na wawili, na saa ya kupimia ilikuwa simu yangu.

Ilikuwa likizo ya Juni, majira ambayo ukungu wa Usambara hauondoki madirishani mpaka saa nne asubuhi. Walimu wachache tulikuwa tumeanzisha kambi ya sayansi kwa mabinti wa sekondari za kata za huko milimani, wale ambao mzazi hana fedha ya tuisheni na shule haina mwalimu wa fizikia, au inaye mmoja anayebeba vidato vyote vinne na hisabati juu yake. Walikuwa kidato cha nne. Tulitaka wafike chuo kikuu, wawe wahandisi, wafamasia, watu wa kompyuta, wakae kwenye viti ambavyo mabinti wa kwetu hawajazoea kuvikalia. Nia ile sijaijutia hata leo. Tulikuwa na wiki tatu, na kila tulichofundisha tulikipima kwa swali moja: kitaleta alama kwenye mtihani wa taifa wa Novemba?

Asubuhi moja wenzake walipokwenda kunywa uji, binti mmoja alibaki mlangoni na uzi wake. Jina lake nitaliacha, kwa kuwa habari hii ni yake kabla ya kuwa yangu. Wenzake walikuwa wamehesabu gololi kwenda na kurudi mara 20, kama kitabu kilivyoelekeza. Yeye alihesabu mara 50. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua, alisema, "Kidole changu kinachelewa kubonyeza simu, mwalimu. Nikihesabu nyingi, ule uchelewaji unagawanyika." Nikasema vizuri, nikaendelea kusahihisha madaftari. Leo ningesimamisha darasa zima kwa maneno yale. Kuna watu wanaopata shahada bila kuyafikia.

Baadaye akaja na daftari. Kwa uzi wa sentimita 20 alipata sekunde 46.0, na akikokotoa mvutano wa dunia anapata 9.33. Kwa uzi wa sentimita 50, sekunde 71.7, jibu 9.60. Kwa uzi wa mita nzima, sekunde 100.9, jibu 9.69. Alikuwa amerudia kila kipimo mara tatu. Akaniuliza, "Mwalimu, mbona uzi ukirefuka dunia inavuta zaidi?"

Ninakumbuka nilivyotazama saa. Tulikuwa tumebakiza mtihani mmoja wa zamani wa kupitia kabla ya chakula cha mchana, na baada yake kemia. Nikamwambia, "Andika 9.8. Baraza la Mitihani linataka 9.8." Alisimama kidogo, kisha akatoa ufutio. Akafuta taratibu asichane karatasi, akapuliza vumbi la ufutio pembeni, akaandika 9.8 mara tatu, mstari mmoja chini ya mwingine.

Jambo linaloniuma kuliko yote ni kwamba siku ya kwanza ya kambi ile nilikuwa nimewasimulia habari za Erasto Mpemba. Huwezi kufundisha fizikia Lushoto ukamwacha. Shule ya Magamba iko juu kidogo ya mji, na ndiko mwaka 1963 Mpemba, akiwa kidato cha tatu, alipokuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kungoja yapoe, ndipo kuyaweka kwenye friza. Nafasi ya friza ilikuwa ya kugombania. Mpemba akaona akingoja atakosa, akaingiza ya kwake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi yalikuwa yameganda, na ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha yalikuwa bado uji mzito. Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo kama hilo haliwezekani.

Hakuliacha. Wakati wa likizo alizungumza na rafiki aliyeuza aiskrimu Tanga mjini, akaambiwa wao huweka ya moto makusudi kwa kuwa huganda upesi. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu mwingine akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba peke yake. Tangu hapo akikosea hesabu wenzake walimtania kwa maneno hayo hayo. Siku moja akakuta maabara ya baiolojia iko wazi na mwalimu hayupo, akachukua bika mbili, moja ya maji ya bomba na moja ya maji ya moto, akaziweka kwenye friza ya maabara na kujionea mwenyewe. Kisha Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaja kuitembelea shule. Kijana akasimama mbele ya wote akauliza lile lile, na wenzake wakacheka. Osborne aliahidi kujaribu. Chuoni fundi wa maabara akapima, akaleta habari kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, na akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education, na jina la mvulana wa Magamba likaingia katika fizikia ya dunia.

Wataalamu wanabishana hadi leo. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walichapisha utafiti wakisema hawakuona ushahidi wa kutosha, na kwamba hata tofauti ndogo ya kimo cha kipimajoto ndani ya chombo inaweza kumdanganya mpimaji. Kwangu hilo halipunguzi kitu. Swali la mwanafunzi wa kidato cha tatu limewafanya maprofesa wachunguze kimo cha vipimajoto vyao zaidi ya miaka hamsini baadaye. Mpemba mwenyewe alikwenda Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, akafanya kazi ya wanyamapori. Mabinti walipiga makofi niliposimulia. Siku ya tisa nikasahau kila nilichosema siku ya kwanza.

Binti yetu alifaulu. Alipata daraja la kwanza, akapangiwa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, kwenye shule ya bweni ya wasichana nje ya mkoa wetu. Mama yake, mjane anayelima kabichi na karoti kwenye vijaruba vya mteremkoni, alinijia na kikapu cha plamu, akapiga goti kunishukuru, nikamwinua haraka. Kidato cha sita akafaulu tena, akachaguliwa kusoma uhandisi wa umeme Dar es Salaam. Katika kata yao alikuwa binti wa kwanza. Tuliitangaza habari yake kila kambi. Nilichapisha picha yake nikaibandika ukutani, juu ya ratiba.

Mtu aliye mbali na shule zetu anaweza kudhani tatizo ni kwamba watoto hawa hawana akili ya sayansi, au kwamba taifa halijafanya kitu. Yote mawili si kweli. Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata ipate maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, na ukomo ukawekwa Novemba 2014. Wananchi walichanga, wengine wakatoa mchanga na mawe kwa mikono yao. Majengo yakasimama. Baadaye zikaja shule za bweni za wasichana za mikoa, 26 kwa Tanzania Bara, zenye mkazo wa sayansi, na tangu mwaka wa masomo 2022/2023 uko ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Zamani zaidi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliendesha masomo ya awali kwa wasichana waliokosa alama chache za kuingia sayansi na uhandisi: wanafundishwa, wanapimwa, anayefaulu anapokelewa. Ninayaheshimu yote hayo. Lakini chumba kilichoandikwa maabara mlangoni, ambamo ndani mwalimu anashika bureti mwenyewe na wanafunzi arobaini wanatazama kutoka mbali, kinafundisha jambo moja tu, kwamba sayansi hufanywa na mtu mwingine. Mimi nilikuwa huyo mtu mwingine.

Kuna lugha pia. Mtoto wa kwetu anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, nyumbani anasema Kisambaa, halafu kidato cha kwanza kila somo la sayansi linageuka Kiingereza. Anajifunza kukariri sentensi nzima kama zilivyo, kwa sababu akibadilisha neno moja hana hakika kama bado ni sahihi. Binti yule aliuliza swali lake kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza asingeliuliza, na asingekuwa na kosa.

Habari ya kwamba amerudi nilipewa na kondakta wa basi. Alisema, "Yule binti wenu wa umeme si amedisko?" Kudisko ni kuondolewa chuoni kwa kufeli. Nikakasirika, nikamwambia asizushe. Jumapili nikapanda kwenda kwao.

Nilimkuta kwenye ukingo wa mfereji anaosha karoti za kupeleka soko. Akanawa mikono, akaja na shikamoo yake ile ile ya heshima, akanivutia kigoda. Mama yake akaleta chai akaondoka, akatuacha. Kwa muda mrefu tulizungumza habari za mvua. Kisha akaanza kusema mwenyewe, hakuna aliyemuuliza.

Mwanzo ulikuwa karatasi. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na kwa aliyefiwa na mzazi inataka cheti cha kifo. Baba yake alizikwa kijijini siku ya pili baada ya kufariki, kama tunavyozika wote, na hakuna aliyewaza kwenda wilayani kuandikisha. Jina la ukoo kwenye cheti chake cha kuzaliwa lilipishana herufi moja na lile la vyeti vya shule. Alipomaliza kufuatilia, awamu ya kwanza ya mikopo ilikuwa imetoka, na ya pili pia. Wenzake walipopata bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, yeye alikuwa analala kwa ndugu wa mbali Mbagala, anaamka saa kumi usiku kuwahi daladala. Kambini kwetu hatukuwahi kutaja neno RITA. Tuliona ni mambo ya ofisi, si ya sayansi. Binti anaweza kujua kanuni zote za Newton na akakwama kwa herufi moja.

Hata hivyo, alisema, hilo aliliweza. Kilichomshinda kilikuwa maabara.

Kundi lao lilikuwa na watu watano, yeye msichana peke yake. Vijana wawili walitoka shule zenye vifaa, wakashika vifaa. Yeye walimpa kuandika ripoti, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri. Ilimfaa, kwa sababu alikuwa anaogopa. Wiki zikapita hivyo, yeye akiandika vizuri mambo ambayo mikono yake haijayafanya. Kisha ikaja siku ya kila mtu kufanya peke yake: betri, rezista, na multimita ya kupimia volti na mkondo wa umeme. Alikuwa amechora saketi ile mara nyingi sana kwenye karatasi. Angeweza kuichora amefumba macho. Multimita yenyewe hakuwahi kuishika akiwa peke yake. Akaiweka kwenye kupima mkondo, akagusisha nyaya zake mbili kwenye ncha mbili za betri, jinsi alivyowaona wenzake wakipima volti. Fyuzi ya ndani ikaungua. Haikutoa moshi wala mlio. Alipokuja kuiunganisha sawasawa, multimita ikasoma sifuri, na kila alichobadilisha ilisoma sifuri.

Nikamuuliza kwa nini hakuita msimamizi. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Nimwambie nini, mwalimu? Kwa Kiingereza? Mbele ya wale wote?"

Alifanya alichokijua. Volti anazo, thamani ya rezista imeandikwa kwa rangi zake. Akagawanya, akapata mkondo unaotakiwa kuwapo, akauandika kwenye jedwali kana kwamba ameupima. Grafu ikatoka mstari ulionyooka, nukta zote juu yake, hakuna hata moja iliyopotea njia. Msimamizi alipokagua vifaa akakuta fyuzi imeungua, na kwenye ripoti kuna namba kumi za mkondo. Akamwita. Akamwambia amepika data, na kwamba mhandisi anayepika data huua watu. Akampa sifuri, na barua ya onyo.

"Nilidhani ndivyo inavyofanywa," alisema binti.

Hakunitazama aliposema hivyo, na hakukusudia kunishutumu. Alikuwa anaeleza tu, kama mtu anavyoeleza njia aliyopita. Baada ya siku ile aliacha kuingia maabara kila alipoweza. Mwisho wa mwaka alikuwa na masomo ya kurudia, akafeli mawili, jina likaondolewa kwenye orodha.

Nilishuka mlima kwa miguu, na safari nzima nilikuwa nauona ule ufutio. Msimamizi alikuwa na haki. Daraja linaanguka kwa namba zilizopikwa, dawa inaua kwa namba zilizopikwa. Ila upishi ule ulikuwa na mwalimu wake, na mwalimu huyo aliusomesha kwa upendo, akitaka mtoto afaulu. Ndiyo sababu ninaiandika habari hii, kwa walimu wenzangu wanaojitolea likizo zao, na kwa wafadhili wanaotuuliza kila mwaka ni mabinti wangapi wamepata daraja la kwanza. Mtoto anayetoka pasipo na vifaa anakuja na kitu kimoja tu ambacho vifaa haviwezi kumpa, macho yake mwenyewe. Ukimfundisha kuyakana macho yake mara tatu kwenye jedwali moja, umempeleka chuo kikuu mikono mitupu, na cheti chako kizuri juu.

Usiku ule niliitafuta gololi. Ilikuwa bado kwenye kopo la misumari, na kitambaa chake. Nikaining'iniza juu ya mlango wa stoo nikiwa peke yangu na tochi, nikapima uzi kama tulivyopima kambini, kutoka kwenye msumari hadi kwenye fundo. Sentimita 20. Nikahesabu mara 50. Sekunde 46. Nikapima mita nzima. Karibu 101. Namba zake zilikuwa sahihi, kila moja.

Nilikaa chini. Uzi wa pendulamu haupimwi mpaka kwenye fundo. Hupimwa mpaka katikati ya kile kinachoning'inia, na katikati ya gololi yetu ilikuwa sentimita moja chini ya fundo. Kila uzi tuliouita 20 ulikuwa 21, tuliouita 50 ulikuwa 51, tuliouita 100 ulikuwa 101. Sentimita moja kwenye ishirini ni pengo kubwa, ndiyo maana uzi mfupi ulitoa 9.33. Sentimita moja kwenye mia ni pengo dogo, ndiyo maana uzi mrefu ulitoa 9.69. Dunia haikuwa inavuta zaidi. Kosa letu lilikuwa lile lile, ila kadiri uzi ulivyorefuka ndivyo lilivyozidi kupotea ndani yake. Hicho ndicho binti alichokuwa amekiona. Aliona kwamba kosa lina mpangilio, na kosa lenye mpangilio linataka kusema jambo. Watu hulipwa mishahara mikubwa kwa kuona vitu kama hivyo. Na ninaijua fizikia hii. Niliifundisha miaka kumi na mitano. Ningechora naye grafu ya urefu dhidi ya mraba wa muda, tungeona mstari haupiti kwenye sifuri bali sentimita moja pembeni, na mteremko wake ungetupa 9.8 yenyewe, bila ufutio. Ingechukua muda ambao wenzake waliutumia kunywa uji.

Kambi yetu haifanani tena na ile. Mitihani ya zamani ipo, hatuwezi kuikimbia, lakini haianzi mpaka wiki ya mwisho. Kila binti anafunga uzi wake mwenyewe, hata kama ni jiwe. Daftari la vipimo linaandikwa kwa kalamu ya wino na ufutio hauingii chumbani. Namba ikikosewa inapigwa mstari mmoja ili ibaki inasomeka, na pembeni inaandikwa sababu. Jioni tunasoma kwa sauti vipimo vilivyotofautiana na vya wengine kabla ya vile vilivyolingana. Mwanzoni wanaona aibu. Siku ya nne au ya tano wanaanza kugombania kusomewa. Maswali yanaulizwa kwa Kiswahili, tena kwa Kisambaa ikibidi, na swali likishasimama vizuri ndipo tunalivusha pamoja kwenda Kiingereza, binti alitamke yeye mwenyewe mara tatu, ili siku akiwa Dar es Salaam mdomo wake uwe umeshapita njia hiyo. Fundi redio wa mjini huja na multimita mbovu na nzima. Kila mmoja anaunguza fyuzi moja makusudi, anaifungua, anauangalia ule uzi wake mwembamba uliokatika, anaibadilisha. Fyuzi ni bei ndogo. Na siku mbili nzima ni za vyeti: wazazi wanaitwa na makaratasi yao, tunalinganisha majina herufi kwa herufi, asiye na cheti cha kifo cha mwenzi wake anaelekezwa wilayani mapema, miaka mitatu kabla ya mkopo kuombwa. Daraja la kwanza linatoka kama zamani, pengine pungufu kidogo. Wafadhili wawili wametuacha.

Ila kabla hatujabadilisha lolote, wiki ile ile, nilirudi kwa binti. Gololi ilikuwa mfukoni. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi, na maneno ya kumweleza. Nikamkuta jikoni anapuliza moto. Nikaitoa gololi nikaiweka kwenye kiganja changu, nikaanza kusema kwamba ule uzi wetu hatukuupima mpaka...

"Mpaka katikati," alisema.

Akaingia chumbani akatoka na daftari la kidato cha nne, kingo zake zimeliwa na panya. Akalifungua ukurasa wa mwisho kabisa. Zilikuwapo, kwa penseli: 9.33, 9.60, 9.69. Alikuwa amezinakili huko kabla hajafuta. Chini yake, kwa wino wa bluu, mwandiko uliokomaa kidogo, sentimita moja imejumlishwa kwenye kila urefu, na majibu mapya: 9.79, 9.79, 9.79. Alisema aligundua kidato cha tano, usiku mmoja wakati wa maandalio, akaruka kutoka kwenye dawati hata wenzake wakashtuka. Miaka ilikuwa imepita tangu usiku huo.

Nikamuuliza, "Mwanangu, mbona hukuniambia?"

Alifunga daftari, akalipangusa vumbi kwa ncha ya kanga.

"Nilikuambia siku ile, mwalimu. Ukasema nifute."